Mjumbe Aliyepunguza Maneno

Katika hadithi hii tutaitaja miungu yote ya Wagiriki wa kale, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja. Haya, tuseme watano. Waliobaki wana majina ya kuvunja meno, na meno yenyewe siku hizi ni ya kuhesabu.

Edna alikuwa na miaka kumi na miwili, akisoma darasa la sita kule Langley Park, Maryland, Marekani. Kila asubuhi aliamka giza bado halijatoka, akamwamkia bibi yake, "Shikamoo, Bibi," akampashia uji, kisha akashuka ngazi zilizonuka mafuta ya kukaangia ya majirani wote, akasimama kwenye baridi kungoja basi la shule. Mama yake alifanya kazi ya kutunza wazee huko Germantown, akilala hukohuko juma zima na kurudi Jumamosi, macho mekundu. Basi siku za kazi nyumba ilikuwa ya watu wawili: Edna na Bibi Euphrasia, aliyeletwa kutoka Bukoba baada ya Babu kufariki.

Kiingereza cha Bibi kilikuwa cha kushukuru tu. Kwa hiyo Edna ndiye aliyekuwa ulimi wake dukani, benki na kwa mwenye nyumba. Bibi alimwita "mke mwenzangu", kama mabibi wanavyowatania wajukuu, na Edna hakuwa na rafiki mwingine aliyempenda kama huyo.

Novemba ya mwaka 2006 mwalimu alianza kufundisha kuhusu miungu ya Wagiriki wa kale. Kila mwanafunzi angevaa shuka na kueleza kazi ya mungu mmoja mbele ya wazazi. Ryan alipewa Zeu, mkuu wa wote, mwenye radi, maana sauti yake ilisikika hadi jikoni mwa shule. Akinyi akapewa Athena, mwenye hekima na vita. Wengine wakagawana Poseidoni wa bahari na Hadesi wa kuzimu. Edna akapata Herme, mjumbe, mwenye viatu vya mabawa.

"Tarishi!" Akinyi akamcheka. "Zeu akikohoa tu, wewe mbio!"

"Tena kitabu kinasema Herme ndiye anayewasindikiza wafu kuzimu," Ryan akadakia. "Edna, usije ukapita kwetu!"

Darasa zima likacheka. Edna naye akacheka, lakini alikifunga kitabu haraka. Nyumbani Bibi alikuwa na kidonda.

Bibi aliugua kisukari kwa muda mrefu, na sasa kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimegeuka cheusi. Alhamisi mama hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo Edna ndiye aliyempeleka kliniki. Mvua ilinyesha. Ndani ya basi Bibi alimwegemea, akasema:

"Mke mwenzangu, nikuambie mapema. Nilizaliwa na vidole kumi, nitazikwa na kumi. Hao wakitaka kunikatakata kama muwa, nirudisheni Bukoba nikafe mzima."

Kliniki walitafuta mkalimani wa Kiswahili kwa simu, wakamkosa. Edna akasema yeye anaweza. Daktari, mwanamke mpole mwenye mikono baridi, alikigusa kile kidole, akazungumza polepole. Kidole kimekufa. Kikikatwa wiki hii, mguu utapona. Wakichelewa, uozo utapanda, na unaweza kumuua.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

Edna alifungua mdomo. Hapo akakumbuka siku Babu alipofariki hospitali ya mbali, Bibi akiwa amebaki nyumbani Bukoba. Mama alilia asubuhi nzima, kisha akanawa uso, akampigia Bibi simu: "Mama, Baba anaumwa kidogo tu." Edna aliyasikia yote akiwa mlangoni. Kumbe ndivyo watu wazima wanavyofanya, alidhani: habari nzito hupunguzwa njiani, kama mzigo wa kuni.

"Anasema ni kidonda kidogo," akajibu. "Upake dawa, upumzishe mguu."

Bibi alimtazama daktari, kisha mjukuu. "Maneno yote yale, ndiyo hayo tu?"

"Kiingereza ni kirefu, Bibi."

Daktari akauliza kama mgonjwa amekubali. Edna akamwambia kwamba Bibi atazungumza kwanza na binti yake. Bibi, asiyejua lililopita, akatabasamu na kushukuru kwa Kiingereza chake chote.

Siku zikapita, nzito kama nguo mbichi. Dawa ilipakwa, mguu ukavimba. Harufu ikaanza chumbani, tamu na mbaya, kama ndizi zilizosahaulika ndani ya mfuko. Edna alifungua dirisha, hita ikahangaika bure. Jumamosi mama alirudi, akauliza kabla hajavua koti: "Daktari alisemaje?"

"Dawa na kupumzika," Bibi akajibu. "Muulize mwanao."

Edna aliitikia kwa kichwa, akaingia bafuni, akafungulia maji asisikike akilia. Mama, aliyekuwa amekesha na wagonjwa wa watu, alilala kwenye kochi na viatu miguuni. Jumapili jioni akarudi kazini.

Jumatatu baada ya shule Edna alijifunga shuka, akabandika mabawa ya karatasi kwenye raba zake. Bibi alipoambiwa huyo ni mungu wa Wagiriki, alijifanyia ishara ya msalaba haraka.

"Si wa kuabudu, Bibi! Ni hadithi za zamani."

"Haya. Na kazi yake?"

"Zeu akisema neno, Herme analipeleka."

"Kama lilivyo?"

"Kama lilivyo."

"Hata likiwa baya?"

Edna akamtazama vizuri. Bibi alikuwa amefunika mguu kwa khanga, anatetemeka kwa homa, uso umekuwa wa kijivu. Bawa moja lilibanduka kiatuni, likaanguka sakafuni bila kishindo.

"Bibi," Edna akasema, "nilikudanganya." Akasema yote, ya kidole, ya uozo na ya kifo, neno kwa neno.

Bibi alifunua khanga, akautazama mguu wake.

"Kumbe Kiingereza kilikuwa kirefu kweli," akasema hatimaye. "Mpigie mama yako."

Usiku uleule alifikishwa hospitali, akaelezwa yote, akakubali mwenyewe kukatwa. Kidole kimoja kingetosha wiki iliyopita. Sasa vilikatwa vitatu, na madaktari hawakuahidi kitu mpaka homa iliposhuka. Siku ya miungu ilipita shuleni bila Edna. Akinyi alisoma sehemu ya Herme pamoja na yake, na hakumcheka tena.

Edna aliposimama kando ya kitanda, alisema, "Nisamehe, Bibi. Niliogopa ungeondoka."

"Ndiyo maana ukakaribia kunisindikiza kaburini wewe mwenyewe," Bibi akasema. Mama alipoanza kumgombeza mtoto, Bibi akainua mkono. "Wewe nyamaza. Mwalimu wake ni nani? 'Baba anaumwa kidogo.' Nilinyoosha gauni la kwenda kumwona mgonjwa, nikamfungashia na ndizi, kumbe naenda kuzika."

Mama aliinamisha kichwa. Machozi yake yaliangukia kwenye shuka la hospitali.

"Sikilizeni wote wawili," Bibi akaendelea. "Mjumbe hauawi. Habari mbaya ni mali ya mwenyewe. Mfikishie yote, naye ataamua. Ukimpunguzia njiani, umemwibia. Mimi nimeibiwa vidole viwili. Na mtoto asibebeshwe tena maneno ya daktari. Huo ni mzigo wa mtu mzima."

Tangu hapo mama alidai mkalimani kila mara. Januari wakaenda kliniki watatu, Bibi akichechemea na fimbo. Safari hii sauti ya mwanamume Mtanzania ilitoka kwenye simu juu ya meza, na Edna alikaa kimya pembeni, mkoba wa Bibi mapajani.

Daktari alitazama vipimo, akakunja uso. Mkalimani akauliza, "Mama, daktari anataka kujua kama bado unakula vitu vya sukari."

"Mimi?" Bibi akashika kifua. "Mwambie sukari nimeiacha. Tangu nikatwe sijaionja, hata harufu yake nimeisahau. Mfikishie kama lilivyo!"

Mkalimani alikuwa bado anafikisha, mkoba ulipoteleza mapajani mwa Edna. Andazi likabiringika sakafuni, limeng'atwa nusu, limepakwa sukari juu, likasimama kwenye kiatu cha daktari.

Daktari akaliangalia. Mama akaliangalia. Bibi akaangalia dari.

Simu ikauliza, "Kuna lingine la kutafsiri?"