Picha Moja kwa Kioo Kimoja

Mama Rangi alikuwa mchoraji wa hadithi za picha. Majirani walimwita hivyo kwa sababu vidole vyake havikukosa rangi. Kila asubuhi alifuta meza ya chakula, akatandaza karatasi kubwa, akachora. Kila picha yake ilijaa watu, sufuria, mapazia, hata nzi.

Wifi yake, dada wa mumewe, naye alichora. Yeye alichora kwenye simu. Watu wake walikuwa na vichwa vikubwa na miguu kama njiti. Hata hivyo, mtaa mzima ulimsoma.

"Umeiona ya dada leo?" mumewe aliuliza, akicheka na simu yake. "Mbavu sina!"

"Nimeiona." Hakuwa ameiona. "Siku hizi ukichora yai lenye macho, unaitwa msanii."

"Una wivu wewe."

"Wivu wa nini? Wa njiti?"

Lakini roho ilimuuma. Wifi alipokuja kusalimia, alimwitikia shingo upande.

Basi duka la gesi likamwomba Mama Rangi hadithi ya kufundisha watu la kufanya wakisikia harufu ya gesi. Alichora ukurasa wa picha sita, tatu juu, tatu chini. Akaupiga picha, akawatumia majirani wote. "Sasa waone kazi," alijisemea.

Kesho yake mchana alikwenda kwa jirani yake, mshona nguo. Harufu ya gesi ilimpokea mlangoni. Jirani alishika simu mkono mmoja, na kiberiti mkono wa pili.

"Usiwashe!"

Mama Rangi alikimbilia mtungi, akaufunga. Wakafungua madirisha, wakatoka nje.

"Si ndivyo ulivyochora?" jirani alisema. "Mama ananusa, halafu anawasha jiko."

Mama Rangi akaichukua ile simu. Ukurasa wake ulionekana mdogo kama stempu. Ukiuvuta kwa vidole, picha nyingine zinatoka nje ya kioo. Picha ya tatu, ya kunusa, ilikuwa juu ya picha ya sita, ya kuwasha jiko baada ya fundi kulitengeneza. Jirani alishuka moja kwa moja. Picha za kufunga mtungi na kumwita fundi hakuziona kabisa.

Akaenda kwa wifi yake.

"Wifi, nimekuja unifundishe. Na usinicheke."

"Nikucheke?" Wifi alimsogezea kiti. "Mimi ndiye ninayekuonea wivu. Ile mikono unayochora, mimi nikijaribu inatoka kama uma!"

Mama Rangi alitandaza ukurasa wake mezani. Aliketi.

"Ukurasa usiupunguze," wifi alieleza. "Ukate. Picha moja ijaze kioo kimoja. Zifuatane kutoka juu kwenda chini, msomaji asukume kwa kidole gumba tu. Hapo hawezi kuruka."

"Na maneno?"

"Yaandike upya, makubwa na machache. Sura ya mtu ivutie karibu. Huyu nzi anafanya nini hapa?"

"Nzi wangu ni mzuri."

"Ni mzuri, ila kwenye simu ni uchafu wa kioo."

Mama Rangi alicheka bila kutaka.

"Mwisho, jaribu kwenye simu ndogo kuliko zote, juani. Mpe mtu asome, nawe unyamaze. Akikwama, rekebisha."

Mama Rangi alichora upya. Mkono ukifunga mtungi ulijaza kioo kizima. Aliongeza picha mbili: kwanza ya kufungua madirisha, kisha ya kutoka nje. Kabla ya jiko kuwashwa, aliongeza fundi akisema, "Sasa ni salama." Kisha akaenda na wifi yake kwa mshona nguo.

Jirani alisoma juani, kidole gumba kikishuka taratibu. Wao walinyamaza.

"Haya, harufu ikija tena?" Mama Rangi aliuliza.

"Siwashi kitu, hata taa siigusi. Nafunga mtungi, nafungua madirisha, natoka nje, namwita fundi. Jiko baadaye, fundi akishasema." Jirani aliinua macho. "Za wifi yako nazipenda, lakini hii..."

"Lakini hii nini?" Mama Rangi alidakia. "Sema kwa sauti, asikie."

Wifi alishika kiuno, akacheka. "Una wivu wewe!"

"Ninao," alisema Mama Rangi. "Jirani, malizia."