Neno Moja Kwenye Breki

"Anapanda behewa la mwisho!"

Sauti ya mwenzake ilimfikia Pyo Seon-ok kwa nyuma. Alikuwa mbioni. Milango ilikuwa inajifunga. Alijirusha, bega likagonga chuma, kisigino kikaponea chupuchupu.

Treni ikaondoka.

Busan, saa tisa kasoro dakika nane, mchana.

Ok Dal-su, fundi wa programu aliyewauzia wageni siri za treni hizi zisizo na dereva, alikuwa ameketi kando ya bibi mwenye mfuko wa kabichi. Hakujaribu hata kuinuka. Seon-ok, miaka kumi na moja katika ujasusi, alimfunga pingu kwenye nguzo bila kuitoa bastola yake ya K5.

"Umekwisha."

"Tumekwisha sote, dada." Alikuwa analia.

"Umefanya nini?"

"Nilibadilisha neno moja."

Seon-ok alipiga simu, akaiweka spika. Upande wa pili alikuwepo Hwangbo Kyu-jin, mhandisi mkuu wa njia ile, kwenye chumba cha kuongozea treni. Dal-su akasema haraka haraka, kamasi zikimtoka.

Ndani kabisa ya kompyuta ya treni, kwenye kiini cha mfumo, kuna sehemu inayopokea ishara za breki. Sehemu hiyo ikihitaji kumbukumbu, yaani nafasi ya kuwekea data kwa muda, hairuhusiwi kusubiri. Inaomba, inapewa papo hapo, au inaambiwa hakuna, nayo inaendelea na kazi. Mahali hapo Dal-su aliandika: subiri. Kwa miezi mitano kumbukumbu ilikuwa tele, hakuna aliyegundua. Leo, saa tisa kamili, wanunuzi wake wangeimwagia treni ujumbe wa uongo kupitia redio mpaka kumbukumbu iishe.

"Halafu?"

"Breki zitalala zikisubiri kumbukumbu. Programu zilizoishika kumbukumbu nazo zitazisubiri breki zimalize. Hakuna wa kumwamsha mwenzake."

"Mwana laana wewe!" Hwangbo alifoka simuni. "Kazi nimekufundisha mimi!"

"Waliniambia treni itasimama tu, mwalimu. Jana ndiyo nikajua wanataka iwe kwenye mteremko. Nilipanda nikidhani nitashuka kabla ya saa tisa."

"Afisa," Hwangbo alisema, sauti imeshuka. "Nyingine zote nimezisimamisha vituoni. Yako hainisikii. Wameanza mapema."

"Kitufe cha dharura?"

"Kinapita kompyuta hiyohiyo. Kimbilia behewa la kwanza. Bati la kijivu, nyuma yake kuna redio. Ikate. Treni ikikosa redio inajifunga breki yenyewe, mradi kompyuta iwe hai. Bado inanitumia hesabu. Kumbukumbu imebaki asilimia tisa."

Seon-ok alichomoka. Mabehewa manne. Mabegi, magoti, matusi.

"Sita."

Reli ikaanza kuinama kuelekea baharini.

"Tatu."

Risasi moja kwenye kitasa. Abiria wakapiga mayowe. Bati likaanguka. Akashika nyaya kwa mikono miwili, akavuta kwa uzito wote wa mwili.

Zikakatika.

Treni haikupunguza mwendo.

"Hwangbo!"

"Umechelewa kidogo. Kompyuta imelala."

"Niambie cha kufanya."

"Kuna kifaa kinachoilinda. Ikinyamaza sekunde arobaini, kinaizima na kuiwasha upya. Maadamu umekata redio, haitafurika tena."

"Tumebakiwa na sekunde ngapi kabla ya kituo cha mwisho?"

Kibodi ikagongwa upande wa pili.

"Hamsini. Labda."

"Nimeuliza, nifanye nini?"

"Hakuna, mama. Hakuna kabisa."

"Nyuma!" Seon-ok aliwapigia kelele abiria. "Wote nyuma! Shikeni kitu!"

Wakasukumana, wakaenda. Mzee mmoja akabaki kitini, fimbo katikati ya magoti.

"Baba, inuka!"

"Niinuke niende wapi? Goti limegoma tangu asubuhi. Nenda wewe, binti."

Alijaribu kumbeba. Treni ilikata kona, ikawabwaga wote wawili kitini. Mbele, kupitia kioo, jukwaa la kituo cha mwisho lilikuwa linakua. Mafunzo yote aliyopewa, shabaha, judo, lugha tatu, hayakuwa na kazi hapa. Seon-ok alikaa. Alimkumbatia mzee asiyemjua, akasikia moyo wa mzee ukigonga mbavuni, mwepesi kama wa ndege.

Taa zikazimika.

Moja. Mbili. Tatu.

Zikawaka.

Halafu chuma kikalia. Breki zilishika kwa nguvu kiasi kwamba fimbo ya mzee iliruka ikapasua kioo. Kizuizi cha mwisho wa reli kilikuja, kikaja, kikasita.

Mita tisa zilibaki.

Kisha mzee akakohoa.

"Binti, sasa unaweza kuniachia. Unaniumiza."

Polisi walimshusha Dal-su kwa mlango wa nyuma. Aliwataja wanunuzi wake, wakakamatwa hotelini dakika kumi baadaye, kompyuta zao zikiwa bado mezani. Mkuu wa idara akapiga simu.

"Kazi nzuri, Seon-ok. Nataka ripoti. Zile sekunde za mwisho ulifanya nini?"

"Nilikaa, mkuu."

"Ulikaa?"

"Andika hivyohivyo."

Alikata simu, akapanda ngazi za kituo polepole.