Barua ya Kujitoa Nisiyoiandika

"Lakini wewe si ndiye uliyejitoa mwenyewe?" karani akaniuliza kwenye simu.

"Nimejitoa wapi, Manang?" nikauliza, nikimwita dada mkubwa kwa heshima.

"Kwenye usaili. Wewe si Rezel Panes wa Guimbal, Biolojia mwaka wa nne?"

"Ndiye mimi."

"Basi. Tulikuita usaili tarehe kumi na mbili Februari, na siku ileile ukatujibu kwamba umejitoa. Barua yako ninayo hapa mbele yangu."

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya jengo la sayansi. Nilipiga simu kuomba vyeti vyangu tu, ili mwakani nijaribu tena kuomba nafasi ya udaktari. Miezi miwili mizima nilikuwa najua kitu kimoja: sikuitwa kwenye usaili, kwa hiyo sikutosha.

"Nisomee, tafadhali."

Akasoma polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. "'Kwa masikitiko makubwa naomba kuondoa jina langu. Baba yangu amezeeka na hana mwingine wa kumtunza. Naomba nafasi hii apewe mwingine mwenye utulivu wa moyo. Niwapo popote, mtumishi wenu katika uhai wa watu, Rezel Panes.'"

Maneno ya mwisho niliyatambua. Mtumishi wenu katika uhai wa watu. Niliwahi kumcheka mtu kwa maneno hayo, nikamwambia anaandika kama askofu mstaafu.

"Iliingia saa ngapi, Manang?"

"Saa nane na dakika kumi mchana."

"Nitumie nakala. Nakuomba sana."

Saa nane na dakika kumi ya tarehe kumi na mbili Februari nilikuwa ndani ya maabara nafanya mtihani wa kupasua papa mdogo. Simu haziruhusiwi kuingia mle. Yangu nilimwachia mpenzi wangu, Kenrick Sumagaysay, aliyekuwa ameshafanya mtihani wake asubuhi. Namba yangu ya siri alikuwa nayo. Mimi ya kwake nilikuwa nayo pia. Tulijiona watu wa kuaminiana.

Kenrick naye ni wa Guimbal. Udhamini tuliokuwa tunauomba ulitoa nafasi moja tu kwa kila mji, unasomeshwa udaktari bure kisha unarudi kuhudumia watu wa kwenu. Tulijiandaa pamoja miaka miwili. Kila Jumamosi tulikaa kwenye kibanda cha supu ya batchoy pale La Paz, mimi namfundisha kemia, yeye ananiwekea uboho wa mfupa kwenye bakuli langu. Kwenye mtihani wa taifa nilipata tisini na nne, yeye themanini na moja.

Nafasi akapata yeye. Nililia kifuani kwake, akanishikia kitambaa.

*

Nilikwenda moja kwa moja kwa Madam Montaño, mwalimu aliyetuandikia sote wawili barua za kutupendekeza. Alisoma nakala ile kwenye simu yangu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Saa hii ulikuwa mbele yangu," akasema. "Mikono yako ilikuwa imejaa dawa ya maiti. Wewe hukuandika hii."

"Nani aliandika, Madam?"

"Mimi najua nani hakuandika. Nani aliandika, lazima nisikie."

"Nikimuuliza atakataa."

"Atakataa. Na kamati haitamnyang'anya mtu nafasi kwa sababu binti wa watu amekasirika." Akanirudishia simu. "Lakini nikisikia kwa masikio yangu, nitaondoa barua yangu ya kumpendekeza. Bila barua yangu hana udhamini. Una siku arobaini kabla majina hayajafungwa."

Nilitoka pale na hasira iliyotulia. Sikumpigia Kenrick wala kumwandikia. Nilinawa uso, nikapaka poda, nikamfuata kwenye kibanda cha batchoy na kukaa kando yake kama kawaida.

"Mpenzi, mbona leo mzuri hivyo?" akasema.

"Nimefikiri. Mwakani sitaomba tena."

Kijiko chake kikasimama hewani. "Kwa nini?"

"Nimechoka. Labda sikuzaliwa kuwa daktari. Walete wazazi wako nyumbani, tumalize mambo."

Uso wake ukakunjuka. Nakumbuka kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Kweli, Rezel?"

"Kweli."

"Sikia, hutajuta. Nikimaliza nafungua kliniki yangu, wewe unakaa mapokezi. Wagonjwa watakupenda. Una sauti nzuri ya simu."

"Mapokezi," nikasema.

"Eeh. Na unajua majina ya dawa zote, hutahitaji kufundishwa."

Nikamshika mkono juu ya meza. Nilitaka kuuvunja. "Waambie waje Jumapili," nikamwambia.

Jioni ile akaniandikia: "Mama analia kwa furaha. Jumapili tarehe 11 tunakuja na watu kumi na wawili. Nakupenda mpaka naumwa."

Nikamjibu: "Njooni na njaa."

*

Tatay, baba yangu, kazi yake ni kubanika nguruwe wa sherehe. Kwa mila zetu chakula cha posa kinaletwa na upande wa mwanamume, lakini alisema binti wa Panes hawezi kuposwa watu wakala tambi peke yake. Asubuhi ya Jumapili nilimkuta uani anageuza mti juu ya makaa, nikamweleza yote. Hakunikatiza mpaka nikamaliza.

"Aliandika kwamba mimi nimezeeka?" akauliza.

"Ndiyo, Tatay."

"Na kwamba sina wa kunitunza?"

"Ndiyo."

Akaugeuza mti mara mbili tatu. "Tunaweza kuwazuia wasije. Napiga simu sasa hivi."

"Hapana. Waje."

"Mama yake ni mtu mwema, Rezel."

"Najua."

"Na huyu nguruwe je?"

"Mbanike tu."

Walifika saa tano wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Mbele alikuwa mama yake Kenrick, niliyemwita Tita Delfa, yaani Shangazi Delfa, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, amebeba mwenyewe sinia la wali wa nazi uliofungwa kwenye majani. Akanikumbatia na kuninong'oneza, "Nimekuombea tangu mlipokuwa mwaka wa kwanza." Madam Montaño alikuwa ameshakaa kwenye kona ya sebule. Nilikuwa nimemtambulisha kama mama msimamizi wa ndoa.

Tita Delfa alisema maneno ya posa vizuri mno, bila kusoma mahali. Kwamba mwanawe anataka kutia mguu katika nyumba yetu. Kwamba wao si matajiri, ila watakuwa na daktari. Wajomba wakapiga makofi. Kenrick alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama nyumba yake mwenyewe.

"Sasa, binti," Tita akasema, "tunasubiri jibu lako."

"Kabla sijajibu, Tita, nina barua. Iliandikwa Februari. Ningependa msikie maneno yake ya mwisho."

Kenrick akatabasamu. Alidhani ni moja ya barua zake za mapenzi, alikuwa ameniandikia nyingi.

Nikasoma: "'Niwapo popote, mtumishi wenu katika uhai wa watu.'"

Tabasamu la Kenrick likakauka. Lakini mama yake aliangua kicheko cha furaha.

"Hayo ni maneno ya mwanangu huyo," akawaambia watu, akimgusa Kenrick begani. "Aliyaanza akiwa darasa la sita. Aliugua surua, akamwandikia mkuu wa shule barua ya kuomba ruhusa, akamalizia hivyohivyo. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema nimebuni mwenyewe. Dunia nzima hakuna mwingine anayeandika hivyo."

"Una hakika, Tita?"

"Mimi ni mama yake."

"Basi naomba utusomee yote." Nikampa karatasi.

"Mama, usisome," Kenrick akasema.

Lakini Tita Delfa alikuwa mwalimu kwa miaka thelathini, na karatasi ikishaingia mkononi mwake husomwa kwa sauti. Akasoma masikitiko makubwa. Akasoma baba aliyezeeka, akamtazama Tatay kwa mshangao. Alipofika chini akasimama.

"Mbona hapa kuna jina lako, Rezel?"

"Ndilo swali langu kwa Kenrick."

Mjomba mmoja aliyekuwa ameshachukua kipande cha ngozi ya nguruwe alikirudisha kwenye sinia.

"Hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote," Kenrick akasema. "Labda uliandika mwenyewe ukasahau. Ulikuwa na mawazo mengi wakati ule."

"Imetumwa tarehe kumi na mbili, saa nane na dakika kumi," Madam Montaño akasema kutoka kwenye kona yake. "Saa hiyo Rezel alikuwa kwenye mtihani wangu. Nilikuwa namsimamia mimi."

"Na simu yangu alikuwa nayo nani, Kenrick?" nikauliza.

Alimtazama mama yake, akautazama mlango, akanirudia. Nilidhani atadanganya tena, lakini sauti ilimtoka ndogo, ya mtoto.

"Nafasi ilikuwa moja. Moja kwa mji mzima. Wewe tisini na nne, mimi themanini na moja. Nilikuwa nimeketi ukumbini pale na simu yako, mwaliko ukaingia mbele ya macho yangu, nikaujibu na kufuta yote. Ningefanya nini?"

"Ungeshindwa."

"Rahisi kwako kusema. Wewe ungepita mwakani, ungepita popote. Mimi ilikuwa ile au basi. Na nilikuwa nakuoa, Rezel. Kila nitakachopata kingekuwa chako. Ungekuwa mke wa daktari."

"Sikukuomba hiyo. Nilitaka kuwa daktari mimi."

"Nilikupenda. Nakupenda."

"Nililia miezi miwili kwenye shati lako. Ulikuwa unanipigapiga mgongo unaniambia Mungu ana mipango yake. Ulikuwa unajua mpango ni wa nani."

Madam Montaño akasimama na kuchukua mkoba wake. "Kenrick, kesho asubuhi naiandikia kamati. Ukitaka kuwahi kuwaandikia wewe mwenyewe, una leo nzima."

Tita Delfa alikuwa bado ameishika karatasi. Aliikunja mara nne, kwa uangalifu, akaniwekea kiganjani.

"Ungekuja kwangu," akasema. "Ungeniita jikoni, mimi na wewe, ningemburuta mwenyewe mpaka kwa hao watu. Kwa nini umenifanya niisome mbele ya ndugu zangu?"

"Nilitaka aumie, Tita."

"Ameumia," akasema. "Na mimi umeniumiza pamoja naye."

Wakatoka mmoja mmoja, bila kuaga. Sinia la wali wa nazi waliliacha. Nguruwe alikatwakatwa na majirani, na mpaka saa tisa kila kibaraza cha mtaa wetu kilikuwa kinatafuna na kunijadili.

*

Nisiseme uongo: asubuhi iliyofuata nilimkumbuka. Niliamka nikaitafuta simu nimuulize kama amekula, ndipo nikakumbuka. Nililia kidogo, nikaacha.

Hakuiandikia kamati. Madam Montaño ndiye aliyeandika. Baada ya wiki mbili udhamini wake ukafutwa, na kwa sababu ya kughushi akafungiwa kuomba tena kwa miaka mitatu. Akaniandikia: "Umefurahi sasa?"

Nikamjibu: "Ndiyo."

Akaandika tena: "Sikujua una roho ya hivyo."

"Na mimi sikujua," nikamwandikia, nikamfuta kwenye simu.

Nafasi sikupewa bure. Waliniita kwenye usaili mimi na wengine wawili waliokuwa kwenye orodha ya akiba. Chumba kilikuwa na meza ndefu na madaktari watatu. Waliniuliza kuhusu figo, kuhusu homa ya dengu, kuhusu kwa nini nataka kurudi Guimbal wakati wenzangu wote wanataka kwenda ng'ambo. Nikajibu. Mwisho daktari mzee wa upasuaji aliyekaa katikati akafunga faili langu.

"Habari zako tumezisikia," akasema. "Wote humu tumezisikia. Nikuulize kitu kisicho kwenye karatasi. Uko zamu kwenye kituo chako, pikipiki imeanguka, analetwa kijana anatokwa damu. Unamfunua uso, ni yule wa barua. Unafanya nini?"

"Nazuia damu kwanza. Nasafisha jeraha, naangalia kama mshipa umekatika, kisha namshona."

"Vizuri?"

"Vizuri sana. Nyuzi ndogondogo, kovu lisionekane."

"Na ungemsamehe?"

Madaktari wote watatu walikuwa wananitazama. Nilijua jibu wanalolipenda watu. Nilikuwa nimelisikia kanisani, kwa majirani, hata kwa Tatay.

"Ningenawa mikono, Daktari," nikasema, "halafu ningemwita mgonjwa anayefuata."

Yule mzee akachukua kalamu, akafungua tena faili langu, akaandika neno moja, nikalisoma kichwa chini: "Apewe."