Jezi ya Pili ya Iliasi

— Na ile ndogo, Mwamvita, ilikuenea vizuri?

Mwamvita alikuwa ameinama kwenye meza ya fundi Hamadi, sokoni Kasongo, akichagua uzi wa kumalizia nguo za harusi. Akainua kichwa.

— Ndogo gani, Baba Hamadi?

— Ile maillot, jezi ya mwanamuke. Namba sita. Iliasi alinipatia mbili niandike jina, moja ya kwake, ingine ya mwanamuke. Nikamuuliza, ni ya fiancée, mchumba wako? Akacheka tu. Kwani hajakupa?

— Atanipa, akasema Mwamvita.

Alilipa uzi akaondoka. Hata rangi alizokuja kuzitafuta alizisahau.

Mtu asiyeishi Kasongo anaweza kuuliza: jezi tu, kelele ya nini? Lakini tangu timu ya Radi ipande daraja, mji mzima ulivaa njano na buluu. Si watoto. Watu wazima, wenye mvi na wajukuu. Mzee Mahamudu, baba yake Mwamvita, mfanyabiashara wa chumvi na sabuni, alikuwa anavaa jezi ya kipa juu ya kanzu akitoka msikitini, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Ukifika kwa Hamadi, unachagua mchezaji wako, naye anakuandikia jina na namba mgongoni. Na mume na mke wakienda uwanjani Jumapili na namba moja, basi, hiyo ilikuwa kama pete.

Iliasi, dereva wa pikipiki wa njia ya Kasongo mpaka Kabambare, alikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu na namba moja tu maishani mwake: sita. Namba ya Serge, kiungo aliyekuwa anapiga pasi kama mtu anayepeana chakula. Serge alivunjika mguu miaka miwili iliyopita, akaacha mpira, akarudi kwao kijijini. Mji ukamsahau. Wote walibadilisha namba. Iliasi peke yake, kila jezi ikichakaa, alirudi kwa Hamadi: "Niandikie SERGE, sita." Wenzake walimcheka. Hapo ndipo Mwamvita alipompenda. Alijiambia: mwanaume asiyemwacha mtu wake akianguka, huyo ni mume.

Sasa harusi ilikuwa imebaki wiki tatu, na jezi ya pili hakuiona.

Jioni hiyo akampigia simu.

— Iliasi, uliniwekea kitu kwa Hamadi?

Akasikia pikipiki inazimwa.

— Kitu gani?

— Maillot ya mwanamuke.

— Aa, Hamadi anazeeka, mpenzi. Anachanganya watu. Nilichukua moja tu.

— Moja tu?

— Moja. Juu ya nini unauliza hivyo?

— Hapana kitu. Ijumaa uko wapi?

— Ninaenda Lusangi kupakia mizigo. Jumapili nitarudi.

Alisema haraka mno, kama mtu anayeruka dimbwi. Mwamvita akakata simu. Akakumbuka kwamba kila wiki mbili Iliasi alikuwa na safari ya Lusangi, na kila mara simu yake haikupatikana.

Siku ya Jumatano, ujumbe uliingia kutoka kwa Subira, rafiki yake aliyeolewa Wamaza na mwenye duka dogo huko. Ulikuwa na picha. Mwanamke mrefu, amegeuza mgongo, amebeba beseni la mihogo kichwani. Mgongoni: SERGE, 6. Rangi bado mpya.

"Mwamvita, si hii ni maillot ya fiancé wako? Wanasema pikipiki yake inalalaka kwao. Sikutaka kusema, lakini ungekuwa wewe ungeniambia."

Mwamvita aliandika: "Mwanamke anaitwa nani?"

"Marguerite. Iko na bwana, lakini bwana ni mugonjwa, hatoki sana."

Mwenye bwana! Mwamvita aliweka simu chini akaketi kitandani, juu ya vitambaa vyake vya harusi. Hakulia. Alimpigia Raphaël, dereva wa pikipiki, jirani yao.

— Raphaël, Ijumaa unipeleke Wamaza.

— Wamaza? Iliasi si yuko?

— Ndiyo maana ninakuita wewe.

*

Waliondoka alfajiri. Njia ilikuwa matope na mashimo, mara mbili walishuka kusukuma pikipiki. Walipofika Wamaza saa tisa, Mwamvita alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Hakunawa. Subira alimwonyesha nyumba kwa kidole, akataka kumfuata.

— Baki, dada. Hii ni yangu.

Marguerite alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya mihogo. Jezi ilikuwa mwilini. Mwamvita aliitazama, akasogea.

— Hodi.

— Karibu, mama. Unatoka mbali, ninaona. Unatafuta nani?

— Ninatafuta mwenye hiyo maillot.

Marguerite alijiangalia, akacheka kwa sauti.

— Mwenyewe? Iko ndani, ni bwana yangu! Papa Glody! Bado kuko watu wanakutafuta!

Mlango ukafunguka. Mwanaume akatoka polepole juu ya magongo mawili, mguu wa kulia umepinda kuanzia kwenye goti. Mwamvita alimjua. Alimwona mara nyingi uwanjani, akikimbia.

— Wewe ni Serge? akauliza.

— Nilikuwa Serge. Sasa ni mulimaji mwenye hawezi kulima. Kaa, mama.

— Mimi ni Mwamvita. Fiancée ya Iliasi.

Mwanamke akaacha mchi, akamkumbatia na udongo wake wote.

— Wewe ndiye Mwamvita! Iliasi anakutaja mpaka tunachoka! Yeye ndiye alinitengenezea hii. Nilimwambia, miaka yote bwana yangu alicheza, watu wote walivaa jina lake, mimi bibi yake hapana. Akaniletea. Saporta wote, wale waliomushangilia, walikimbia, shemeji. Amebaki yeye. Anakuja kulima shamba, anatuletea chumvi, analala kwenye baraza, asubuhi anaenda.

Mwamvita aliona haya. Haya na furaha pamoja. Basi ni hilo tu? Mwanaume anamsaidia mgonjwa, naye amevuka matope kuja kupigana! Alikuwa anatafuta maneno ya kuomba radhi, ndipo wakasikia pikipiki.

Iliasi aliingia uani, amevaa jezi yake ya SERGE, na jembe limefungwa nyuma. Akamwona Mwamvita.

Alipaswa kucheka. Mtu asiye na kosa angecheka, angesema, "Kumbe unanilinda!" Iliasi hakucheka. Uso wake ulikuwa kama majivu, na mkono ulibaki juu ya usukani kana kwamba angegeuza arudi alikotoka.

— Umekuja kufanya nini huku?

— Kuona maillot ambayo Hamadi alichanganya.

— Nitakueleza nyumbani.

— Eleza hapa. Ni jambo zuri. Juu ya nini ulinificha?

Serge, ambaye hakuelewa kitu, akamtetea.

— Usimugombeze, mama. Huyu ni ndugu yangu. Nilipolala hospitali, wachezaji wenzangu walikuja mara moja. Yeye alikuja kila siku.

— Ulivunjikaje, shemeji? Kule Kasongo kila mutu anasema yake.

— Pikipiki. Siku mbili baada ya Noeli. Nilikuwa juu ya kinga, baisikeli yangu, ninashuka ule mteremuko wa kuingia Lusangi. Magharibi, mvua inanyesha. Pikipiki ikatoka nyuma, bila taa, imebeba mizigo, ikanipiga. Dereva wake alianguka na yeye. Halafu akasimama, mama. Nilimuita. Nilisikia anapumua. Akawasha moteri, akaenda. Nililala pale ndani ya maji mpaka wachoma mkaa walinikuta.

Marguerite alitema mate pembeni.

— Mungu anamujua.

Mwamvita hakuwa tena anamtazama Serge. Iliasi alikuwa na kovu refu kwenye kiwiko cha kushoto. Walipoanza kupendana aliwahi kumuuliza, naye akajibu, "Nilianguka peke yangu, mteremko wa Lusangi, mvua ya Noeli." Walicheka siku ile. Alimtania kwamba ni dereva asiyepaswa kubebeshwa mayai.

Akasimama.

— Iliasi, nisindikize nyuma ya nyumba.

Nyuma kulikuwa na migomba. Alimshika ule mkono, akageuza kiwiko juu.

— Niambie hii ilitoka wapi.

— Mwamvita...

— Niambie nisikie kwa kinywa chako.

Iliasi aliegemea mgomba.

— Niliona amekufa. Wallahi niliona amekufa. Nikasema watu watatoka, wataniua pale pale. Nikakimbia. Kesho yake ndipo nilisikia ni nani. Namba sita! Mutu nilikuwa ninamuimba kila Jumapili! Nilienda hospitali nikasema leo nitamwambia. Akanishika mkono, akasema, asante saporta wangu. Nikashindwa. Kila siku nikashindwa.

— Miaka miwili.

— Miaka miwili.

— Unakula kwake, anakuita ndugu.

— Ninamulimia shamba! Ninafanya kila kitu!

— Kila kitu, ila kimoja. Nilitoka Kasongo ninajua nitakuta mwanamuke. Mwanamuke, pengine kesho ama kesho kutwa ningekusamehe. Hii siwezi kulala nayo kitanda kimoja. Ingia useme.

— Nikisema, nitakupoteza.

— Usiposema umekwisha nipoteza. Mimi sitasema kwa niaba yako. Ninahesabu mpaka pikipiki ya Raphaël iwake.

Akamwacha kwenye migomba. Akapita uani bila kuaga, akasimama barabarani karibu na Raphaël, mgongo ameupa nyumba. Raphaël akatia ufunguo. Mwamvita akamzuia kwa mkono.

— Subiri kidogo.

Alisikia miguu ya Iliasi. Alisikia anaanza, anakatika, anaanza tena. Kisha kuku wakasikika wanaparua. Hatimaye sauti ya Serge, ya chini:

— Ulisimama.

— Nilisimama.

— Nilikuita. Ulinisikia?

— Nilikusikia.

— Vua jina langu.

Mwamvita akageuka. Iliasi alikuwa anavuta jezi kichwani, inakwama, anavuta tena. Alibaki kifua wazi mbele ya mtu mwenye magongo. Marguerite alikuwa ameingia ndani. Alitoka amejifunga kikwembe, kitenge chake, ile jezi mpya ameishika kwa ncha ya vidole, akaitupa miguuni pa Iliasi.

— Nililia mbele yako, akamwambia. Nililia mbele yako, nawe ukanipa leso.

Mwamvita alipanda nyuma ya Raphaël, wakaenda kulala kwa Subira. Kesho yake alirudi Kasongo. Harusi ikavunjwa kwa maneno mawili: "Haiko tena." Mama yake alilia, mashangazi wakauliza, yeye akafunga mdomo. Siri ya kosa lile haikuwa yake kuitangaza.

Iliasi aliitangaza mwenyewe, huko huko Wamaza. Siku ile ile alikwenda kwa mkuu wa kijiji, kisha polisi. Wazee wa pande mbili waliketi, wakakata shauri: pikipiki iuzwe, Serge apelekwe Bukavu mguu uangaliwe upya, na Iliasi alime shamba lile misimu miwili. Akaanza kulima. Subira aliandika mara kwa mara, bila kuulizwa: "Leo tena yuko shambani. Hakuna anayemusalimia. Marguerite anaweka maji kwenye njia, yeye anakunywa, hawaongei."

Mwamvita alisoma kila ujumbe mara mbili, hakujibu hata mmoja.

Mwezi wa tano tangu siku ile, Iliasi alisimama mlangoni kwa Mzee Mahamudu. Amekonda, mikono imeota sugu. Hakukaa alipoonyeshwa kiti.

— Baba, sikuja kuomba ndoa. Ulinipa mutoto wako bila kujua mimi ni nani. Nimekuja ujue.

Akasema yote, kuanzia mvua mpaka jembe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaita:

— Mwamvita! Ulikuwa unajua?

— Nilijua, baba.

— Ulinyamaza.

— Ilikuwa ya kusemwa na yeye.

Mzee alivuta pumzi.

— Mimi ningemufukuza. Lakini si mimi nitaishi naye. Unamutaka bado?

Mwamvita alimtazama Iliasi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya migomba. Alimtafuta usoni yule mtu wa haraka haraka, anayeruka dimbwi. Hakumwona.

— Ninamutaka, akasema. Nilijaribu kuacha, nimeshindwa. Lakini sitaolewa kwa kujificha na wale watu. Baba, nipe simu.

Akapiga Wamaza mbele yao wote. Marguerite akapokea, akampa mumewe.

— Shemeji Serge, ni Mwamvita. Iliasi iko hapa kwa baba. Ninataka kuolewa naye. Ninakuuliza wewe kwanza.

Akaweka simu kwenye sauti kubwa, wote wasikie.

— Mama, akasema Serge, mimi sijamusamehe. Asubuhi nikiweka mguu chini, ninamukumbuka. Pengine nitamusamehe, pengine hapana, sitaki kukuongopea. Lakini alirudi akasema. Hakuna aliyemushika. Na wewe hukunifanyia kosa lolote.

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema kitu. Serge akaguna.

— Marguerite anauliza ndoa ni siku gani. Anasema yeye atakuja, hata nikikataa.

Iliasi alikuwa ameketi chini sakafuni, uso ameufunika kwa mikono. Mwamvita alimwangalia baba yake. Mzee akainua vidole viwili.

— Mwambie baada ya wiki mbili, shemeji, akasema Mwamvita, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka na yeye. Alhamisi. Mwambie aje mapema, tupike pamoja.