Goti la Mutasim na Picha Iliyosomwa Barazani

Wazazi wenzangu wa pwani hii, sogeeni kidogo. Nina habari ya goti, ya mpira, na ya baba mmoja aliyejua kila kitu.

Nyumba ya Sleyum pale Usagara ilikuwa nyumba ya raha. Ijumaa wakisharudi msikitini, sinia la pilau likiwekwa chini, mazungumzo yalikuwa mpira mtupu. Mutasim, mwanawe wa miaka kumi na tisa, alikuwa mshambuliaji wa timu ya mtaa, na timu imeingia fainali. Ilisemekana watakuja watu wa timu kubwa kutazama vijana. Usingizi ulimpaa Sleyum kwa furaha, hata mkewe Fakhria akamcheka kwamba ungedhani atakayecheza ni yeye.

Raha hiyo iliharibikia mazoezini. Mutasim aligeuka upesi na mpira, mguu ukabaki umekita chini, mwili ukazunguka. Alisikia kitu kikilia "ta" ndani ya goti, na kabla ya magharibi goti lilikuwa limevimba hata suruali haipandi. Wakamkimbiza kituo cha afya, akapigwa eksirei. Aliyekuwa zamu alikuwa na foleni ndefu. Akaitupia picha jicho, akasema hajaona mfupa uliovunjika, akampa dawa za maumivu. Alisema pia kwamba goti lisipotulia baada ya wiki, wamrudishe. Neno hilo Fakhria alilisikia. Sleyum lilimpita.

Hapo ndipo ugonjwa wa nyumba ile ulipoanza, na sisemi ugonjwa wa goti. Sleyum ni wakala wa forodha mpakani Horohoro. Miaka mingi amesimama nyuma ya maofisa wakikagua malori kwa mashine ya picha, naye akajiona fundi wa kusoma picha zote za duniani. Akatoka na eksirei ya mwanawe barazani, akaiinua juani, akawasomea majirani: mfupa huu, na mfupa huu, na hapa katikati pako wazi, njia safi. Akajinaki kwamba yeye huiona katoni ya sigara chini ya shehena ya vitunguu, sembuse goti la mtoto wake. Majirani wakatikisa vichwa kukubali. Nani atabishana na mtu mwenye picha mkononi?

Wiki zikapita. Uvimbe ulipungua, lakini goti halikuaminika. Kijana akishuka ngazi, linachomoka. Kila akisema, baba alimwonyesha ile picha. Picha imesema mzima, basi kinachouma ni woga. Maneno ya ndani yakatoka nje, na vijana wa mtaani wakaanza kumwita Mutasim bibi harusi.

"Baba Mutasim," Fakhria alimwambia mumewe, "mdharau mwiba mguu huota tende. Tuliambiwa tumrudishe mtoto."

Sleyum alijibu kwamba mama ndio wanaowalegeza watoto wa kiume, akamleta mzee mmoja wa kuchua. Kijana alichuliwa goti kwa mafuta ya karafuu huku ameuma meno. Inanikasirisha hata kuisimulia. Maumivu angeyasema, lakini alishatiwa aibu, na mwenye aibu hunyamaza.

Siku ya fainali uwanja ulifurika. Ngoma zililia, vigelegele vikapanda, watoto wakaning'inia ukutani. Mutasim aliingia goti limefungwa bandeji. Mwanzo alikimbia vizuri, watu wakamshangilia, kwani goti la namna ile huweza kukubali njia iliyonyooka. Kisha akajaribu kugeuka, akayumba, akashika paja. Mzomeo ukaanza. Sleyum alikuwa amekuja na bahasha yake, msinicheke, ni kweli. Akaichomoa eksirei na kuiinua mbele ya watu, waone wenyewe kwamba mtoto ni mzima.

Nyuma yake alisimama Eliudi, daktari wa kusoma picha za hospitali, aliyekuja kushangilia wapinzani. Alimwamkia Sleyum shikamoo, akaomba aitazame. Akaitazama, akaisogeza karibu na macho, akaitazama tena. Akauliza ya ubavuni iko wapi, maana goti hupigwa pande mbili. Sleyum alisema imo kwenye bahasha ila haina maana, mifupa imepandana tu; na hakukosa kueleza ujuzi wake wa malori.

"Na lori, mzee, mngelipitisha kwa kukagua upande mmoja?" aliuliza Eliudi.

Sleyum akaichomoa ya pili bahashani, akampa.

Daktari akamwekea kidole. Pembeni mwa mfupa wa muundi, upande wa nje, chini kidogo ya kiungo, palikuwa na kipande chembamba cha mfupa kilichobanduka, mfano wa punje ya mchele. Na kwenye picha ya ubavuni, juu ya pia ya goti, kulikuwa na kivuli cha maji yaliyojaa.

"Wengi hukipita kipande hiki kwa sababu ni kidogo," alisema. "Lakini hakibanduki bure. Kikionekana, mara nyingi kano ya katikati ya goti imekatika. Mtoeni huyu kijana. Akigeuka vibaya tena, atasaga na gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa, na goti halitakuwa goti."

Mngemwona Sleyum. Mtu mzima, kanzu ameikunja mkononi, kofia imemtoka, anakata uwanja mbio huku refa anapuliza filimbi na hakuna anayemsikia. Mpira ulikuwa unamjia Mutasim, na beki anamfuata kwa kasi. Kijana akaukita ule mguu ageuke. Baba akamdaka kifuani, akamnyanyua, mpira ukapita. Uwanja ukalipuka kwa vicheko na matusi.

Mutasim akajitoa mikononi mwake. Hakupandisha sauti.

"Niache nicheze, baba. Si umesema mimi mzima?"

Sleyum aliwageukia watu. Kisha akasema kwa nguvu, wakasikia hata waliokuwa wakizomea: "Mwanangu si mwoga. Goti lake limeumia, na mimi ndiye niliyemzuia asitibiwe." Akachuchumaa, akampa mgongo apande. Kelele zikafa zenyewe. Mutasim alisita, kisha akaweka mikono mabegani mwa baba yake.

Fainali tulifungwa. Kipimo cha MRI Dar es Salaam kilionyesha alichokisema Eliudi: kano imekatika, na gegedu limeanza kuchanika, ila bado linashoneka. Mutasim amefanyiwa upasuaji, anajifunza upya kukunja mguu, na hakuna anayemuahidi kwamba atarudi uwanjani. Atatembea, Alhamdulillahi. Na siku hizi mtu akimwuliza Sleyum goti la mwanawe linaendeleaje, hujibu, "Muulize mwenye goti."

Funzo

Ndugu zangu, kuambiwa "hakuna mfupa uliovunjika" si kuambiwa "mzima". Goti likilia, likavimba siku hiyo hiyo, kisha likawa linachomoka, mrudisheni mgonjwa, na ombeni picha zake zote zisomwe tena na mwenye elimu ya kuzisoma. Zipo dalili ndogo ambazo hata macho ya kazi huzipita, sembuse yetu ya barazani. Zaidi ya hayo, mtoto akisema anaumwa, tuanze kwa kumwamini. Picha hupigwa mara moja. Yeye yu na goti lake usiku na mchana.