Mbuzi Waliokuja Shingo Tupu

Lango la zizi lilikuwa wazi, na mbuzi kumi na mmoja hawakuwamo.

Inspekta Raimonda Cossu alichuchumaa, akakagua komeo. Halikuvunjwa. Waya wa lango ulikuwa umefunguliwa taratibu na kutundikwa kwenye msumari wake, kana kwamba aliyeufungua alitaka kuutumia tena jioni. Chini barabarani palikuwa na alama za matairi ya gari la mizigo, ila mvua ya alfajiri ilikuwa imeshazivuruga. Koplo Lussorio alizipiga picha hivyo hivyo, maana utaratibu ni utaratibu.

Mwenye mbuzi, Mzee Bachisio Tolu, alikuwa amekaa juu ya jiwe, fimbo katikati ya magoti. Hakuinuka kumpokea Inspekta. Mkewe, Bi Grassia, ndiye aliyekuwa akizunguka zizini kama kuku anayetafuta pa kutagia, akiita mbuzi wasiokuwepo kwa majina.

"Pole, mzee. Uligundua saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Mbwa hakubweka?"

"Mbwa amezeeka. Kama mimi."

"Wamechukuliwa wepi?"

"Madume wadogo wanne. Majike watatu wasioshika mimba. Yule wa pembe iliyovunjika na dada zake wawili. Na mama yao, kibogoyo."

"Na kengele zao?"

Hapo mzee alitazama pembeni. "Zimekwenda nao. Zilikuwa za marehemu baba. Kola zake za mti, amezichoma msalaba kwa chuma cha moto."

Bi Grassia akaangua kilio. Inspekta aliandika maelezo, akafunga kalamu.

Kwetu Urtei, juu milimani Sardinia, kuibiwa mbuzi si aibu. Ni kama mvua ya mawe, leo kwako, kesho kwa jirani. Aibu yote hubebwa na mwizi. Kwa hiyo kabla Inspekta hajashuka kijijini, kila mdomo ulikuwa umeshamtaja mtu mmoja.

"Gonario Puddu, afande. Nani mwingine?" alisema mwenye baa, akifuta glasi ambayo ilikuwa safi. "Mazoea yana tabu."

"Alishatumikia kifungo chake."

"Kifungo kinaisha, afande. Mkono ndio ule ule."

Gonario alifungwa ujanani kwa wizi wa mbuzi. Alipotoka, alikaa na mama yake mjane, akajengea watu kuta za mawe kwa kibarua, akanyamaza. Mwaka huo alikuwa amechumbia binti wa mwoka mikate, na Jumapili hiyo hiyo walipoibwa mbuzi, padri alikuwa akitangaza ndoa yao kanisani.

Inspekta angeweza kumsubiri nyumbani kwake. Lakini alikuwa mgeni katika kituo kile, binti wa mchunga mbuzi wa kijiji cha ng'ambo, na Urtei wote walikuwa wakimtazama waone kama ana meno. Akamngoja kwenye ngazi za kanisa. Watu walipotoka ibadani, Gonario akiwa kashikana mkono na mchumba wake, Inspekta alimtia pingu.

Mwoka mikate alimshika binti yake begani, akamvuta upande wa pili wa uwanja.

Kituoni, Gonario alijibu kwa upole uliomkera Inspekta.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelala."

"Shahidi?"

"Mama."

"Mama si shahidi."

"Basi sina, afande."

"Wiki iliyopita ulionekana kwa Mzee Bachisio. Ulifuata nini?"

"Kazi. Nilimwomba nimchungie. Nina miaka miwili naomba mtu anikabidhi mbuzi, hata watatu tu. Akaniambia miguu yake mizima, niende zangu."

"Ukakasirika."

"Niliona haya. Si kitu kimoja." Kisha akainua kichwa. "Nami naomba niulize. Wameibwa wepi?"

Inspekta akamsomea. Gonario alisikiliza mpaka kwa yule kibogoyo, akacheka, pingu zikalia mezani.

"Kinachokuchekesha nini?"

"Jamani! Mwizi gani huyo? Kawaacha wa maziwa wote, kawaacha wenye mimba, kaondoka na tasa na vikongwe! Mimi nilipoiba, Mungu anisamehe, sikugusa tasa. Hao si mbuzi wa kuibwa, afande. Hao ndio mwenye zizi huwapunguza akiona malisho hayatoshi. Aliyewachagua aliwajua mmoja mmoja."

Inspekta alimrudisha mahabusu. Maneno yale, hata hivyo, yalimganda. Akamtuma Koplo minada ya tambarare, akaulizie kwa wanunuzi.

Koplo alikuwa bado huko siku ya ponidura ilipofika. Desturi yetu hiyo ni ya tangu mababu: mchungaji akipotelewa na mifugo, hapewi pole ya mdomo. Kila zizi humletea mnyama mmoja ili aanze upya. Nao huja shingo tupu, kwa sababu kwetu mbuzi hutolewa, huuzwa, hurithiwa, lakini kengele haimfuati. Kengele ni ya nyumba.

Walipanda asubuhi, watu na mbuzi, na jibini, na mikate mikavu myembamba, na divai. Mwenye baa alileta beberu akijisifu njia nzima kana kwamba ameleta ng'ombe. Bachisio alikuwa juu ya jiwe lake, ameinamisha uso.

"Rudini nao," alisema. "Nawaomba. Mimi sitaki."

"Sikia huyo!" mwenye baa akamkejeli. "Unataka tukubembeleze kama bibi harusi?"

"Huzuni hiyo," wengine walinong'ona. "Mwacheni."

Wa mwisho alikuwa Mama Peppa, mamake Gonario. Watu walimpisha, wala si kwa heshima. Alikuwa na mbuzi watatu tu duniani, na mmoja alikuwa amemleta, mweupe, sikio limeliwa na mbwa.

"Mama Peppa," Bi Grassia alisema kwa ukali, "hapa umefuata nini?"

"Desturi. Kama mwanangu kaiba, ndilo deni langu. Kama hakuiba, basi mwenzetu kapata hasara na mimi ni jirani." Akamgeukia Bachisio, akamkabidhi kamba. "Pokea, kaka."

Bachisio aliipokea bila kumtazama machoni. Aliivuta kwa haraka hivi kwamba mbuzi akastuka. Inspekta, aliyekuwa amesimama ukutani na kofia mkononi, aliona. Akadhani ni uchungu.

Siku iliyofuata ukungu ulishuka mapema mchana. Ukungu wa Urtei si wa mchezo. Mtu hunyoosha mkono asiuone, na magenge hayana ukuta. Inspekta alikuwa akipanda kwa Bachisio kumuuliza lile swali la Gonario, na alipokaribia zizi ilibidi apapase ukuta kwa mkono.

Ndipo aliposikia kengele juu ya mteremko. Si moja. Nyingi, nzito kwa nyepesi, zikijibizana.

Mbuzi mmoja alimjia mpaka magotini. Alikuwa mweupe, sikio limeliwa. Jana alikuja shingo tupu. Leo alikuwa na kengele, na Inspekta alipoipapasa kola yake ya mti, kidole kiliingia kwenye alama ya msalaba uliochomwa.

"Nani huyo?" sauti ilitoka ukunguni, chini chini, usawa wa majani.

Alimkuta Bachisio akitambaa. Alikuwa ameshika ardhi kwa viganja na goti moja, mguu wa pili ukiburutwa nyuma kama gogo. Mdomoni alikuwa ameuma ukanda wa kengele ya mwisho, na alikuwa akimfuata beberu wa mwenye baa aliyesimama ukingoni mwa genge, hana habari.

Inspekta alimdaka beberu kwanza. Kisha akaketi kwenye majani yenye maji, kando ya mzee.

"Kengele hizi uliniambia zimeibwa."

Bachisio aliutema ule ukanda.

"Mzee, uliniambia zimeibwa nikaandika."

"Wangeanguka," Bachisio alisema. "Wageni hawa, hawalijui genge. Mbuzi wa watu, ukungu huu, bila kengele? Ningekaaje ndani?"

"Wale kumi na mmoja wako wapi?"

"Nimewauza."

"Kwa nani?"

"Mnunuzi wa tambarare. Alikuja na gari lake kabla hakujakucha, Grassia akiwa bado kalala. Nikamfungulia lango, nikawavua kengele, nikazificha chini ya nyasi kavu pamoja na nyingine za marehemu baba."

"Kuuza mbuzi wa ziada si kosa. Kila mtu huuza. Kwa nini ulisema wizi?"

Bachisio alipiga mguu wake ngumi. "Kwa sababu ya huyu! Umekufa tangu masika. Nachunga kwa kutambaa, binti yangu. Natoka mapema watu wasinione, narudi giza limeingia. Wale ishirini sikuwaweza tena. Nikasema nitapunguza, nibaki na wachache wanaonijia wenyewe. Lakini hapa mtu akiuza majira haya, jirani huuliza: vipi, Bachisio, umechoka? Baba yangu alikufa amesimama na fimbo yake. Mimi nimwambie nani kwamba nimechoka? Kuibiwa si aibu. Nikasema nimeibiwa. Jina la mtu sikulitaja!"

"Hukulitaja. Ila ulinyamaza nilipomtia pingu."

"Nilinyamaza."

"Na kamba ya mama yake ukaipokea."

Mzee akafunika uso kwa mikono yenye matope. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Walinipa kumi na tisa, Inspekta! Nilishindwa kuchunga ishirini, sasa ninao karibu thelathini, na kila mmoja ananitazama."

Roho ilimsuta Inspekta kuliko alivyotaka kukiri, maana mzee alinyamaza tu, na pingu zilikuwa zake yeye. Simu ya Koplo, iliyomkuta akishuka, haikuongeza kitu. Mnunuzi amepatikana, vyeti viko sawa, na anasema aliyemuuzia alikataa katakata kumpa hata kengele moja.

Gonario aliachiwa jioni ile.

Jumapili, baada ya ibada, Bachisio alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa. Aliomba mwenyewe apelekwe pale pale. Aliomba na pingu. Inspekta alimwambia pingu haziombwi. Kesi ya kutoa taarifa ya uongo itafika kwa hakimu kwa njia yake. Bi Grassia hakuja. Alikuwa amejifungia jikoni tangu Ijumaa.

Mbuzi wa watu waliletwa uwanjani, kengele zikilia. Aliyewashusha mlimani alikuwa Gonario, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuwashusha.

Bachisio alisema yote, kwa sauti, mguu umenyooshwa mbele yake kila mtu auone. Alipomaliza, Inspekta alivua kofia.

"Na mimi," alisema. "Gonario Puddu, nilikukamata hapa mbele ya watu bila ushahidi. Nakuomba radhi hapa hapa."

Gonario aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwa mwoka mikate, naye mwoka mikate alikuwa akivitazama viatu vyake. Binti hakuwepo. Mwenye baa alijifanya anakohoa.

Mama Peppa ndiye aliyetangulia. Alimshika mbuzi wake mweupe, akafungua kola, akaiweka kengele mapajani mwa Bachisio.

"Huyu nilimpa mtu aliyeibiwa," alisema. "Hii ni yako."

Akaondoka na mbuzi wake. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kila mtu akivua kengele na kuiweka pale. Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angalau angekuwa na la kujibu. Mwenye baa alichukua beberu wake bila mzaha wowote, na uwanja ukabaki mtupu.

Gonario alikuwa bado amesimama ngazini.

"Mzee, siku ile mlangoni kwako," alisema, "mimi sikutaka hata mshahara. Nilitaka mbuzi wa kuchunga tu. Ungeniambia mguu unauma, nani angejua? Ningefunga mdomo wangu."

Bachisio aliuvuta mguu wake kwa mkono.

"Haya, wale tisa wako waliobaki, kesho nani atawatoa?" Gonario aliuliza.

Mzee alitaka kumjibu. Lakini alipojisogeza kumgeukia, kengele za baba yake zilianza kulia mapajani, zote kwa pamoja, uwanja mzima ukisikia. Akazikumbatia kwa mikono yote miwili, akijaribu kuzinyamazisha.