Simu Iliyoandika Bila Kuambiwa

Haya yalimpata rafiki yangu Linah, mama yake Joyline, hapa Langas. Jioni moja ya mvua stima zilipotea, akabaki gizani akijaribu simu yake mpya, ile inayoandika kila unachosema. Mumewe Mabonga alikuwa ameenda Moi's Bridge kununua mahindi.

Linah akanyamaza, akisikiliza mvua ikipiga mabati. Simu ikaandika yenyewe: "Linah, usifungue."

Akadhani imeharibika. Mara mlango ukagongwa, ko, ko, polepole.

"Mama Joyline, nifungulie basi, nimelowa." Ilikuwa sauti ya Mabonga kabisa.

Linah akashika komeo, lakini mkono ukakataa kufungua, ukakataa pia kuachilia. Akatazama simu. Maneno ya mlangoni haikuyaandika. Ilikuwa imeandika: "Huyo si mimi. Mimi bado niko njiani."